Kusafisha Sarafu Chafu na Zenye Kutu ili Zipokelewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam ambao sarafu hupita mikononi mwao kila siku: wenye maduka ya mtaani, makondakta wa daladala, mama lishe, wauza samaki wa Feri, wanaohesabu sadaka, na yeyote aliyevunja kibubu akakuta nusu ya akiba yake imegeuka rangi. Kipimo kinachotumika humu ni kimoja. Sarafu iliyosafishwa inatakiwa itambulike na ipokelewe. Haidaiwi ing'ae, na kama itakavyoonekana, hamu ya kuing'arisha ndiyo iliyoharibu sarafu nyingi kuliko uchafu wenyewe.

Kwa nini sarafu huharibika upesi katika jiji hili?

Sababu kubwa ni chumvi ikisaidiwa na unyevu. Hewa ya pwani hubeba chembe za chumvi, jasho la mkono lina chumvi, na maji yanayotiririka kutoka kwenye beseni la samaki yana chumvi zaidi. Chumvi hiyo ikitua juu ya sarafu hunyonya unyevu kutoka hewani, hasa wakati wa masika, na kuacha utando mwembamba wa maji ambao haukauki vizuri. Ndani ya utando huo metali huanza kuliwa polepole. Ndiyo maana sarafu iliyokaa mwaka mzima kwenye droo kavu huweza kutoka ikiwa nzuri, na ile iliyolala wiki chache kwenye aproni ya muuza samaki ikatoka na madoa.

Sababu ya pili iko ndani ya sarafu yenyewe. Baadhi ya sarafu zetu ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya metali nyingine. Ngozi hiyo ikiwa nzima, chuma cha ndani hukaa salama. Ikichubuka kwa kugongana na sarafu nyingine, au kwa kusuguliwa na mtu mwenye nia njema, maji huingia na kutu huanza kutambaa chini yake.

Nitajuaje sarafu niliyonayo ni ya metali gani?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya kugusa ndimu au siki, kwa kuwa dawa inayoifaa sarafu moja huweza kuiharibu nyingine.

Sarafu ya shilingi 500, ambayo wengi huiita jero, ilianza kutumika mwaka 2014. Ina picha ya Mzee Abeid Amani Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, kipenyo chake ni milimita 27.5 na uzito wake ni gramu 9.5. Ni chuma kilichovikwa nikeli, kwa hiyo hushikwa na sumaku. Hii ndiyo ya kuitunza kuliko zote, kwa sababu ina thamani kubwa zaidi miongoni mwa sarafu za matumizi ya kila siku, na kwa sababu noti ya shilingi 500 ni miongoni mwa noti ambazo Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa kwenye mzunguko baada ya kipindi cha kuzibadilisha kilichoanza tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025.

Sarafu ya shilingi 200 iliyotolewa mwaka 1998, yenye Mzee Karume na simba, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki tangu juu hadi ndani. Haina ngozi ya kubanduka, na kwa hiyo huvumilia usafishaji kuliko wenzake.

Sarafu ya shilingi 100, yenye Mwalimu Nyerere na kundi la swala, na ile ya shilingi 50 yenye pembe saba na kifaru na mtoto wake, ni chuma kilichovikwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Rangi yao huwadanganya watu wakadhani ni shaba tupu.

Kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye spika mbovu kinatosha kutenganisha makundi haya. Zinazonaswa ni chuma kilichovikwa, na zinahitaji upole. Zisizonaswa hazina chuma ndani na zinastahimili zaidi. Fanya mgawanyo huo kwanza, ziweke kwenye vyombo tofauti, na usizichanganye tena mpaka zimekauka.

Nianze na nini?

Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Weka sarafu kwenye beseni la plastiki, ziache kwa muda wa nusu saa au usiku kucha ikiwa uchafu ni wa mafuta na udongo, kisha uzisugue moja moja kwa mswaki wa zamani wenye nywele laini. Zingatia ukingo na mapengo ya herufi, maana huko ndiko uchafu unakojificha. Suuza kwa maji ya bomba yanayotiririka. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo nyumba nyingi za jiji hili hutumia, hayafai kwa suuzo la mwisho. Ukiwa huna mengine, malizia kwa kikombe cha maji ya kunywa.

Kisha zikaushe mara moja kwa kitambaa cha pamba, na uzitandaze kwenye kitambaa kikavu juani kwa muda. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Sarafu ya chuma iliyooshwa vizuri ikaachwa na maji huweza kupata kutu mpya.

Sehemu kubwa ya sarafu ambazo watu huzikataa kwa kusema ni mbovu huwa na uchafu wa mafuta, jasho na vumbi tu, na hatua hii huzimaliza. Usiende mbele kabla ya kuona matokeo yake.

Je, ndimu, siki au ukwaju vinafaa?

Vinafaa kwa masharti. Vyote vitatu vina asidi hafifu inayoyeyusha utando wa kahawia unaotanda juu ya shaba, pamoja na ile kutu ya kijani. Wanawake wa pwani wamesugulia sinia na mabirika ya shaba kwa ukwaju na ndimu kwa vizazi vingi, na elimu hiyo ni sahihi kabisa kwa sinia. Tofauti ni kwamba sinia ni shaba nene, ilhali ngozi ya sarafu ya mia ni nyembamba sana.

Kwa sarafu isiyonaswa na sumaku, changanya siki kijiko kimoja na maji vijiko viwili au vitatu, itumbukize kwa dakika chache huku ukiiangalia, uisugue kwa mswaki laini na uitoe pindi maandishi yanapoonekana. Kwa sarafu ya chuma kilichovikwa usiitumbukize: chovya pamba kwenye maji ya ndimu, futa doa lenyewe kwa sekunde chache, kisha suuza papo hapo. Asidi ikipenya kwenye mchubuko itakula chuma cha chini kwa kasi kuliko ngozi ya juu, nawe utatoa sarafu yenye rangi nzuri ambayo ngozi yake inaanza kubanduka.

Baada ya asidi ya aina yoyote, tumbukiza sarafu kwa dakika moja kwenye maji yenye magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, ili kuiua asidi iliyosalia kwenye mapengo. Suuza tena na ukaushe.

Watu huongeza chumvi kwenye ndimu ili kazi iende haraka, na kweli huenda haraka. Hata hivyo, chumvi hiyo ndiyo adui aliyetajwa mwanzoni. Iache jikoni.

Mbona sarafu ya mia imetoka ikiwa na rangi nyekundu au ya waridi?

Malalamiko haya hutokea baada ya sarafu kulazwa kwenye siki kwa saa nyingi, na yana maelezo mawili yanayoweza kutokea kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba shaba ya njano ina zinki ndani yake, na zinki huliwa na asidi kabla ya shaba nyekundu. Zinki ikishaondoka juu, kinachobaki ni utando wa shaba nyekundu, nayo sarafu hupoteza umanjano wake. Hakuna dawa ya nyumbani inayoirudisha zinki hiyo.

La pili huwashangaza wengi. Unapoosha sarafu nyingi katika siki ileile, shaba iliyoyeyuka kutoka kwa baadhi yake huelea ndani ya maji, na mara nyingi maji hayo huonekana yana rangi ya kijani au samawati. Ukitumbukiza humo sarafu ambayo chuma chake kimefichuka, chuma huyeyuka kidogo na shaba iliyokuwa majini huja kukaa mahali pake. Kwa hiyo doa jekundu hutokea palepale penye mchubuko. Hiyo ndiyo sababu ya kuzitenganisha kwa sumaku, na ya kumwaga siki iliyobadilika rangi badala ya kuitumia tena kwa kubana matumizi.

Sarafu ya namna hii bado ni fedha halali na thamani yake haijabadilika. Shida ni kwamba muuzaji anayeiona huingiwa na shaka, na kumshawishi ni kazi ngumu kuliko ile ya kuosha.

Soda ya kola husafisha sarafu?

Husafisha kidogo, kwa kuwa ina asidi ya fosforiki. Lakini siki iliyotiwa maji hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, ni rahisi kuipima, na haiachi sukari inayonata. Soda ni ya kunywa.

Vipi kuhusu maji ya betri, dawa ya choo au dawa ya klorini ya kufulia?

Visitumike. Maji ya betri ya gari ni asidi ya salfa, ambayo huunguza ngozi, hupofusha macho, na hula chuma cha sarafu kwa dakika chache. Dawa nyingi za kuondoa madoa sugu chooni zina asidi ya hidrokloriki na hufanya uharibifu wa aina hiyohiyo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huisababishia metali madoa meusi na kutu, yaani inazidisha tatizo ulilotaka kuliondoa.

Hatari kubwa zaidi ni kuvichanganya. Dawa ya klorini ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha huweza kuua. Ikitokea kwa bahati mbaya, toka nje mara moja na uwatoe wengine. Usibaki kumwaga wala kusafisha.

Naweza kutumia msasa, stilwaya, mchanga au jivu?

Hapana, hata kama fundi wa jirani anafanya hivyo. Kila kimojawapo huondoa uchafu kwa kuondoa na metali iliyoushika. Kwenye sarafu ya 500 msasa hukwangua nikeli na kufuta alama ya usalama inayobadilika unapoiinamisha sarafu kwenye mwanga, na hapo sarafu halali huanza kufanana na ya bandia. Dawa ya meno nayo ni unga wa kusugulia ulio laini. Itumike mara moja moja kwa kidole kwenye doa sugu, si kwa kusugua sarafu nzima.

Sarafu yangu ya chuma tayari ina kutu ya kahawia. Nifanyeje?

Kwanza tazama kama kutu iko juu tu au imechimba. Kutu ya juu mara nyingi imetoka mahali pengine, kwa mfano kwenye kopo la bati lililokuwa kibubu, na hutoka kwa sabuni, mswaki na kufuta kwa pamba yenye ndimu. Mafuta ya taa nayo hulainisha kutu ya namna hii: lowesha kitambaa, funga sarafu humo kwa saa kadhaa mbali na moto, kisha uisugue kwa mswaki na uioshe kwa sabuni hadi harufu iishe.

Kutu iliyochimba hutambulika kwa vishimo, au kwa ngozi ya juu kuvimba mithili ya rangi ya ukuta wenye fangasi. Hapo usafi hauwezi kurudisha kilichokwisha kuliwa. Kadiri unavyosugua ndivyo ngozi inavyobanduka, kwa hiyo suuza, kausha, na uipeleke benki pamoja na nyingine za aina yake.

Kuna gundi, lami au rangi juu ya sarafu. Inatokaje?

Lami na grisi hutoka kwa mafuta ya taa au hata mafuta ya kupikia, zikifuatiwa na sabuni. Gundi ya karatasi hulainika kwa maji ya moto. Rangi ya kucha na gundi kavu huyeyushwa na asetoni, ile inayouzwa kwa ajili ya kuondolea rangi ya kucha; fanya kazi hiyo penye hewa na mbali na jiko. Pipi za kutafuna zigandishe kwenye friza, kisha uzikwanyue kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa kisu.

Kibubu changu kiliingiwa na maji ya mafuriko. Je, sarafu zitapona?

Wakazi wa bonde la Msimbazi, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, wanalijua swali hili vizuri. Maji ya mafuriko hubeba maji ya vyoo, kwa hiyo vaa glavu na uzichukulie sarafu hizo kama kitu chenye vijidudu. Usiziache zikauke na tope, kwa sababu tope likikauka hushika kama saruji na hubakiza chumvi ndani yake. Ikiwa huwezi kuziosha siku hiyo, ziloweke kwenye maji safi yenye sabuni na uyabadilishe kila yanapochafuka. Sarafu zilizogandana usizitenganishe kwa kupiga nyundo. Ziloweke kwa siku mbili tatu na zitaachana zenyewe.

Kama kibubu kilikuwa na noti pia, zitoe kwanza na uzikaushe peke yake kivulini. Noti iliyolala juu ya sarafu zenye kutu hupata madoa yasiyotoka.

Na sarafu zilizoungua moto?

Masoko yetu yamewahi kuungua, na Soko la Kariakoo mwezi Julai 2021 ndilo mfano unaokumbukwa zaidi. Sarafu yenye masizi tu huoshwa kwa sabuni. Sarafu iliyobadilika rangi kwa joto, ikapinda au ikashikana na nyingine isisafishwe hata kidogo. Iache kama ilivyo, kwa kuwa hali yake ndiyo ushahidi utakaokusaidia unapoomba ibadilishwe.

Je, kusafisha sarafu ni kosa kisheria?

Kuondoa uchafu ili sarafu itumike si kosa. Kinachokatazwa na sheria za makosa yanayohusu sarafu, ambazo zimo katika Kanuni ya Adhabu, ni kughushi, na kuipunguza sarafu uzito kwa hila kisha kuipitisha kama nzima. Mtu anayeosha akiba yake kwa sabuni hana la kuhofia. Mtu anayekwangua au kukata sarafu ajiulize anafanya nini.

Nimeiosha lakini konda au mwenye duka bado anaikataa. Niende wapi?

Mabishano ya mlangoni mwa daladala hayana faida, hasa abiria wengine wakiwa wanasubiri kushuka. Kama picha, thamani na maandishi vinasomeka, mwonyeshe kwa utulivu. Akishikilia msimamo, mpe nyingine. Zile zinazokataliwa zikusanye, uzipange kwa thamani, uzihesabu na uzipeleke kwenye tawi la benki yako. Piga simu kabla ya kwenda na mfuko mzito, au chagua siku ya katikati ya mwezi, maana mwisho wa mwezi hakuna karani atakayefurahi kukuona na kilo mbili za hamsini. Fedha iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida hurudi Benki Kuu kupitia benki za biashara. Iliyoharibika kwa moto au kwa kupondeka huhitaji kuangaliwa na Benki Kuu yenyewe, ambayo ofisi yake ya Dar es Salaam iko Mtaa wa Mirambo, na uamuzi wa kulipa thamani yake ni wa Benki hiyo.

Kwa sarafu chache za shilingi 50, kwa kweli, gharama ya siki na muda wako huzidi fedha unayoiokoa. Zioshe kwa sabuni pamoja na nyingine, na zile zisizotakata uzipeleke benki bila kuhangaika zaidi.

Nimeokota sarafu ya zamani sana yenye kutu ya kijani. Niioshe?

Usiioshe. Katika ardhi ya mji huu na pwani yake hupatikana heleri na rupia za wakati wa Wajerumani, senti na shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilizotumika hadi Benki Kuu ilipotoa fedha yetu wenyewe mwaka 1966, na mara chache hata sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Hakuna dukani utakakozitumia, na utando wao wa uzee ni sehemu ya thamani yao. Iondolee mchanga kwa maji tu, ikaushe, iweke kwenye karatasi na uiulizie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukieleza ni wapi hasa uliiokota.

Sarafu zilizosafishwa zihifadhiwe vipi?

Ziweke kwenye chupa ya plastiki au ya kioo yenye kifuniko, zikiwa zimekauka kabisa, pamoja na mchele kidogo uliofungwa kwenye kitambaa ili unyonye unyevu. Badilisha mchele huo kila msimu wa mvua unapoanza. Usizipake mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi na muuzaji hapendi kushika fedha inayoteleza. Kibubu cha mbao ni kizuri kikikaa juu ya kabati. Kikikaa sakafuni karibu na ukuta unaotoa chumvi, kazi yote itarudi mwanzo.

Maji niliyooshea niyamwage wapi?

Maji ya sabuni yamwage kama maji mengine ya kuoshea vyombo. Siki iliyogeuka kijani ina shaba ndani yake: iongezee magadi mpaka iache kutoa povu, uizimue kwa maji mengi na uimwage chooni, mbali na bustani ya mchicha na mahali kuku wanaponywa. Nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu, na mswaki uliotumika uandikwe alama isiyofutika ili mtu asije akautumia kinywani asubuhi.